Nchi iliyo chini ya maji: namna wavuvi na wataalamu walivyolijua ziwa Tanganyika

Watu wakiandika juu ya uvuvi wa ziwa letu, mara nyingi wanaandika juu ya mitumbwi, nyavu na taa. Wanaandika bei ya ndagala sokoni, wanaandika kazi ya akina mama wanaoanika samaki kwenye mchanga. Yote hayo ni ya lazima. Lakini kuna jambo moja linaloachwa nyuma, juu halionekani kwa macho: ile nchi iliyo chini ya maji. Ziwa lina milima yake, mabonde yake, mashamba yake ya mchanga, vijiji vyake vya mawe. Samaki anaijua nchi hiyo, na mvuvi anayetaka samaki inafaa aijue pia. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza mambo matatu. Kwanza, umbo la ziwa chini ya maji namna lilivyo. Pili, namna wazee wetu wa pwani ya Kongo, kuanzia Wavira wa kaskazini hadi Watabwa wa Moba, walivyolisoma umbo hilo bila chombo cha kupimia, na namna wageni walivyokuja baadaye na vyombo vyao. Tatu, juu ya nini ujuzi huo unatuhusu sisi wa leo, hata yule ambaye hajawahi kushika kasia. Tutaona kwamba ziwa ni kubwa sana, lakini ile sehemu ya chini yake ambapo samaki anaweza kuishi na kuzaa ni ndogo kuliko tunavyofikiri. Na hiyo sehemu ndogo iko katika hatari.

1. Bonde lililojaa maji

Tanganyika si maji yaliyokaa katika sahani. Ni ufa wa dunia, ardhi iliyopasuka na kushuka, milima ikabaki imesimama huku na huku, kisha maji yakajaa katikati. Urefu wa ziwa ni karibu kilomita 670, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 32.900, na nchi nne zinaligawana: Kongo karibu asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Kwa hiyo sisi Wakongomani ndio wenye sehemu kubwa kuliko wote.

Kina chake kinafika mita 1.470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolipita, nalo ni Baikal la Urusi. Uso wa maji yetu uko karibu mita 770 juu ya bahari. Ukifanya hesabu utaona kwamba sehemu ya chini kabisa iko karibu mita 700 chini ya uso wa bahari. Mtu anayesimama Moba na kutazama maji, anatazama shimo ambalo mlima mrefu ungeweza kujificha ndani yake.

Tena, shimo hilo si moja. Kuna bonde la kaskazini lenye kufika mita 1.310, na bonde la kusini ambako ndiko kuna zile mita 1.470. Katikati, upande wa Kalemie, chini ya maji kumeinuka kama kizingiti cha mlango kinachotenga vyumba viwili. Upande wa Fizi, rasi ya Ubwari inaingia ziwani kama mkono, na kati ya mkono huo na bara kuna ghuba ya Burton, ambako Baraka imejengwa. Na kule mwisho wa kaskazini, mto Rusizi unamwaga mchanga na matope yake, ukifanya mteremko wa polepole, tofauti kabisa na kuta za Mitumba na Marungu zinazoshuka wima.

2. Mlima haukomi pale maji yanapoanza

Wazee hawakuwa na ramani ya chini ya ziwa, lakini walikuwa na kanuni moja rahisi: mlima haukomi pale maji yanapoanza. Namna nchi inavyoshuka juu, ndivyo inavyoendelea kushuka chini. Pale jabali linaposimama wima juu ya maji, usitafute pa kutia nanga; ukisogea kidogo tu, jiwe la nanga linaning'inia bila kugusa kitu. Pale mto unapoingia, tegemea mchanga, na mbele yake matope. Pale kuna ghuba iliyotulia, tegemea majani na maji mafupi. Kwa hiyo mvuvi alisoma kwanza nchi kavu, halafu ndipo aliposoma ziwa.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa kamba na jiwe. Kamba ilihesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na jiwe lenyewe lilileta habari: likirudi na matope, ni matope, likirudi safi na kamba imekwaruzwa, ni mawe. Ili kupata tena mahali pazuri katikati ya maji yasiyo na alama, mvuvi aliangalia nchi kavu. Alichukua vitu viwili upande mmoja, kwa mfano mti mkubwa na kilele nyuma yake, na vitu viwili upande mwingine. Vikikaa katika mstari pande zote mbili, amefika. Wataalamu wa bahari wa Ulaya walifanya vilevile. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kazi yenyewe ndiyo iliyowafundisha wote.

Kila aina ya chini ilikuwa na wenyeji wake. Tutaje baadhi.

Kwenye mawe wanaishi samaki wadogo wa rangi nyingi, wale wataalamu wanaowaita siklidi. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Samaki wa mawe hapendi kuvuka mchanga, juu ya mchanga hana pa kujificha. Ndiyo maana samaki wa rasi moja anaweza kuwa na rangi tofauti na ndugu yake wa rasi ya jirani. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki katika vioo wanalijua vizuri jina la Bemba, kusini mwa Uvira, kwa sababu ya samaki mweusi mwenye mkanda wa rangi ya machungwa anayetoka hapo. Wengi wetu tunaoishi karibu hatulijui jambo hilo.

Kwenye mchanga na maji ya pwani anatokea kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote, ambaye anaweza kupita senti 70 za urefu. Kuhe hutaga mayai chini, na baba na mama wote wawili hulinda watoto wao. Kwenye ghuba na maji mafupi yenye matope na majani anakaa ngege. Dume hutengeneza kiota chini, na jike hubeba mayai kinywani. Sangala, yeye ni mwindaji. Akiwa mdogo anajificha katika majani ya pwani, akikomaa anashuka chini karibu na mawe na miteremko, na hapo ndipo mvuvi wa ndoana ndefu anamtafuta. Kuna pia mahali ambapo chini pametandikwa maganda ya konokono kwa wingi, kama kokoto. Mtu atadhani ni takataka. Kumbe kila ganda ni nyumba: kuna samaki wadogo wanaolala na kuzaa ndani yake.

Kwa hiyo mzee aliposema “leo tuende kwenye mchanga” au “leo tuende kwenye mawe”, hakuwa anabahatisha. Alikuwa anachagua samaki kabla ya kushika wavu. Na alijua pia mahali pa kuachwa. Wavu juu ya mawe unapasuka, na mvuvi anarudi na hasara mbili, ya samaki na ya kamba.

Tusisahau uvuvi wa usiku. Kabla ya taa za petroli, watu wa pwani zote za Tanganyika walivua ndagala kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Mbele ya mtumbwi waliwasha moto wa kuni au wa matete makavu, ndagala wakapanda kuufuata mwanga, na mvuvi akawachota. Hapo tunafika kwenye elimu nyingine, si ya mawe wala mchanga, bali ya maji yenyewe. Tutarudia jambo hilo mbele.

3. Wageni wanakuja na vyombo vyao

Mwezi wa pili wa mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji. Mwezi wa nne walipanda mitumbwi hadi Uvira, wakitafuta kujua kama mto wa kaskazini unatoka ziwani au unaingia. Walitamani sana utoke, ili uwe mwanzo wa Nile. Wenyeji wa Uvira waliwaambia wazi kwamba Rusizi inaingia. Hawakufika kwenye mdomo wa mto kujionea. Swali likaendelea kubishaniwa Ulaya miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipofika pale mwezi wa 11 mwaka 1871 wakaona wenyewe: Rusizi inaingia. Jibu lililokuwa mdomoni mwa wapiga makasia lilingoja miaka 13 ili liwe kweli katika vitabu.

Burton aliandika pia kwamba Ubwari ni kisiwa. Ukiitazama kutoka majini, kweli inafanana na kisiwa, juu shingo yake ya kusini iko chini. Lakini watu waliotembea kwa miguu kati ya Ubwari na bara hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba ni rasi.

Mwaka 1874 Cameron, naye Mwingereza, alifika mahali ambapo mto Lukuga unatoka, karibu na mji tunaouita leo Kalemie. Alikuta njia ya maji imezibwa na matope na majani mengi. Miaka michache baadaye, karibu mwaka 1878, maji yalikuwa yamepanda, yakabomoa kizuizi kile, Lukuga ikaanza kutiririka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Kufikia mwisho wa karne ile ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Tufikiri kidogo maana yake kwa mvuvi. Mahali ambapo baba alikuwa anatega, mtoto alipanda muhogo. Mawe yaliyokuwa ya samaki yakawa ya mijusi. Alama zote za kina zikabadilika, na watu wakajifunza upya. Ujuzi wa chini ya ziwa hautoshi kurithiwa. Kila kizazi inafaa kiusahihishe.

Vipimo vya kweli vilikuja katika karne ya 20. Kati ya 1911 na 1913 daktari Mbelgiji Louis Stappers alifanya kazi ya utafiti katika maziwa ya Tanganyika na Moero. Jina lake limebaki katika samaki tunayemla karibu kila juma: mukeke, au mikebuka kama wanavyosemaka wengine, kwa jina la kitaalamu ni Lates stappersii. Halafu, mwaka 1946 na 1947, ujumbe mkubwa wa wataalamu wa Ubelgiji ulizunguka ziwa lote. Katika ujumbe ule Max Poll alishughulikia samaki, na André Capart alishughulikia kina. Capart hakutumia kamba na jiwe. Alitumia chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Kadiri mwangwi unavyochelewa, ndivyo kina kilivyo kirefu. Mwaka 1949 ramani yake ilichapishwa, na mabonde mawili tuliyoyataja yalionekana wazi katika karatasi.

Miaka ya 1950 huko Uvira kilijengwa kituo cha utafiti wa ziwa cha IRSAC, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH. Vijana wengi wa Uvira wanapita mbele ya lango lake bila kujua kwamba sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua juu ya maji ya kaskazini ya ziwa ilipimwa kutoka hapo.

Miaka ya 1980 vyombo vingine viliangalia hata chini ya matope, vikaona namna miamba ilivyopasuka. Katika miaka hiyo wataalamu wazamiaji walichunguza chemchemi za maji moto zinazotoka chini ya ziwa, kwenye rasi ya Banza huko Ubwari na kule Pemba upande wa Uvira. Maji yale moto yamejenga mabomba madogo ya mawe chini ya ziwa, kama dohani za jikoni. Ni ushahidi kwamba ufa ule wa zamani bado ni mzima.

4. Sakafu ya pili

Sasa turudi kwenye jambo tuliloliacha. Je, samaki wanaishi mpaka mita 1.470? Hapana, hata kidogo. Samaki anahitaji hewa, ile oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Hewa hiyo inaingia kutoka juu, kwa upepo na mawimbi, na kwa vimelea vya kijani vinavyopata jua. Maji ya juu ni ya moto kidogo na mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito, hayachanganyiki vizuri. Kwa hiyo hewa inaisha njiani. Upande wetu wa kaskazini inaisha karibu mita 100, upande wa kusini karibu mita 200. Chini ya hapo ni maji yasiyo na hewa, yenye gesi yenye harufu ya yai bovu. Hakuna samaki anayekaa humo.

Maana yake ni kwamba ziwa lina sakafu mbili. Sakafu ya kwanza ni ya mawe na matope, ile Capart aliyoichora. Sakafu ya pili haishikiki kwa mkono: ni mstari ambapo hewa inaisha. Kwa samaki wa katikati ya ziwa, hiyo ya pili ndiyo sakafu ya kweli. Ndagala anataga mayai yake katika maji wazi. Mayai yanazama polepole, na inafaa yaanguliwe kabla ya kufika kwenye maji yasiyo na hewa. Mchana ndagala wanashuka kujificha, usiku wanapanda kufuata chakula chao, na mukeke anawafuata nyuma.

Sakafu hiyo ya pili inatembea. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na kusukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huko kusini maji ya chini yenye mbolea yanapanda. Huku kwetu maji ya moto yanarundikana. Upepo ukikoma, maji yanarudi, na ziwa lote kwa ndani linacheza kama maji katika beseni lililotikiswa, kwa majuma mengi, hata kama juu pametulia kabisa. Mvuvi akiona ndagala wamejaa juma moja na kupotea juma la pili, asidhani kila mara ni uchawi au wivu wa jirani. Mara nyingi ni ile sakafu ya pili imepanda au imeshuka.

Wazee hawakuwa na neno oksijeni, lakini walizijua nyakati. Walijua majira ya upepo, walijua maji yakibadilika rangi na kuwa mazito ya kijani kwamba chakula cha samaki kimekuja. Walijua pia kwamba mwezi ukiwa mkubwa hakuna haja ya kuwasha moto, juu mwanga wa juu unaushinda wa chini. Mpaka leo, siku za mwezi mkubwa ni siku za kushona nyavu.

Nani akitaka kuona namna sakafu ya pili ilivyo na nguvu, aangalie ziwa Kivu. Kati ya mwaka 1958 na 1960 watu wa utawala wa Kibelgiji walichukua watoto wa samaki kutoka Tanganyika wakawamwaga Kivu. Walikuwemo ndagala, na walikuwemo lumbu, ndugu yake anayependa zaidi maji ya pwani. Lumbu akashika, akazaa, ndiye yule watu wa Bukavu na Goma wanamwitaka sambaza. Ndagala hakushika. Ukitazama Kivu kutoka juu, maji ni mazuri, kina kinafika mita 485. Lakini hewa inaisha karibu mita 60 tu, na chini yake kumejaa gesi ya metani na ya kaboni. Maji mawili yanaweza kufanana usoni, na ndani yakawa nchi mbili tofauti.

5. Ukanda mwembamba

Sasa tuunganishe sakafu hizi mbili, ndipo tutaona jambo kubwa. Kuhe, ngege, sangala mdogo, lumbu, samaki wa mawe na wa maganda, wote wanahitaji chini ya kweli, na wanaihitaji mahali penye hewa. Mahali hapo ni pale tu sakafu ya kwanza inapokuwa juu ya sakafu ya pili, yaani ukanda wa pwani mpaka karibu mita 100 za kina. Pale Rusizi inapoingia ukanda huo ni mpana. Lakini mbele ya milima inayoshuka wima, ni mwembamba kama njia ya mbuzi ukiulinganisha na ziwa lote. Kilomita za mraba 32.900 za maji, na uzazi wa samaki wengi kiasi hiki unategemea ukingo tu.

Na ukingo huo unapunguka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza inatoka chini. Ziwa linapata joto, na maji yakipata joto yanachanganyika kidogo zaidi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba joto hilo limepunguza chakula cha samaki katika maji ya juu. Mwaka 2016 wengine, waliolinganisha hali ya sasa na vipimo vya mwaka 1946, walionyesha kwamba katika sehemu walizozichunguza, eneo la chini ya ziwa lenye hewa limepungua kwa asilimia 38. Sakafu ya pili inapanda. Angalieni: bila vile vipimo vya 1946, hakuna ambaye angeweza kujua.

Njia ya pili inatoka juu. Milima yetu imekatwa miti, tumelima mpaka kwenye mabonde makali, na mvua ikinyesha udongo unashuka. Tulilia watu wetu mwezi wa nne mwaka 2020 wakati mto Mulongwe ulipofurika Uvira na kubomoa nyumba. Lakini ule udongo haukukoma barabarani. Uliingia ziwani, ukatandama juu ya mawe. Jiwe lililofunikwa na matope halina tena majani ya kuliwa wala tundu la kujificha. Samaki wake hawawezi kuvuka mchanga kutafuta jiwe lingine, tumekwisha kulisema. Tangu miaka ya 1990 wataalamu walikuta kwamba sehemu zilizopata udongo mwingi zina aina chache za viumbe kuliko zile ambazo milima yake bado ina miti.

Njia ya tatu inatoka kwetu wenyewe: nyavu za kukokota zinazovutwa kutoka pwani. Zinapita juu ya mchanga ule ule ambapo kuhe wanalinda mayai na ngege wanachimba viota. Tunajua kwamba anayevuta wavu ule ana watoto wenye njaa. Lakini anavuta samaki wa leo pamoja na wa mwaka ujao.

6. Ujuzi ulipokatika

Juu ya nini basi ujuzi wa zamani hausaidii? Kwa sehemu ni kwa sababu ya taa. Tangu miaka ya 1950, taa za petroli na mashua mbili zilizounganishwa, katamara, zilihamisha uvuvi kutoka pwani kwenda maji wazi. Siku hizi ni taa za betri na za jua. Kijana anayeanza kazi katika katamara anajifunza taa, kamba na motere. Mawe na mchanga havimhusu, kwa hiyo havijui.

Kwa sehemu nyingine ni vita. Kuanzia 1996 watu wengi wa Uvira na Fizi walikimbilia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, ambako maelfu ya watoto wa Wabembe na majirani zao wamezaliwa na kukomaa, iko nchi kavu, mbali na maji. Mvuvi mzee aliyefia kambini hakuwa na ziwa la kumwonyesha mjukuu wake. Unaweza kufundisha wimbo mbali na nyumbani, unaweza kufundisha methali. Lakini utamwonyeshaje mtoto mti na kilele vinavyokaa katika mstari, kama mti na kilele viko ng'ambo ya maji?

Na ziwa lenyewe halikungoja. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zililiinua. Mvua za miaka hii nazo vilevile, mpaka mwaka 2024 maji yaliingia katika mitaa ya Uvira, Baraka na Kalemie. Kuta za nyumba zilizoanguka, mabati na vyuma vimekuwa sehemu ya chini ya ziwa pale pwani, vikisubiri nyavu. Kama wakati wa Lukuga, inatubidi kujifunza upya.

7. Tufanye nini?

Hatusemi turudi kwa lusenga na moto wa matete. Tunasema ujuzi wa aina mbili uwekwe katika meza moja. Mvuvi anajua mahali, mtaalamu anajua sababu. Mvuvi anaweza kuonyesha: hapa kuhe wanazaa, hapa palikuwa na mawe kabla ya matope, hapa pana maganda. Mtaalamu wa CRH au mwalimu wa shule ya sekondari anaweza kupaandika, kupapima na kupachora. Ramani ya namna hiyo haihitaji meli kubwa. Inahitaji mtumbwi, kamba yenye alama kila mita, daftari, na mzee mwenye subira.

Tena majina yaandikwe. Kila jiwe kubwa, kila mlango wa mto, kila mahali pa mchanga pana jina katika Kivira, Kibembe, Kibwari, Kigoma, Kiholoholo au Kitabwa. Mengi ya majina hayo yanaeleza chini palivyo. Jina likipotea, na maelezo yanakwenda nalo.

Mwaka 2003 nchi zetu nne zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa, na mwaka 2008 Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ilizinduliwa Bujumbura. Ni vizuri. Lakini sheria inayosema “msivue katika mazalio” inahitaji mtu wa kusema mazalio yako wapi. Mtu huyo hakai katika ofisi. Anakaa pwani, ana miaka 70 au 80, na hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Ndugu msomaji, kama katika jamaa yako yupo mzee wa namna hiyo, chukua daftari uende kwake kabla ya masika ijayo. Mwombe akutajie mahali kumi tu, na chini ya kila mahali palivyo. Uandike jina, uandike alama za nchi kavu, uandike samaki. Kisha daftari hilo ulilete kwa chama, litasomwa na watoto wetu.